Muulize Mfamasia: Tramadoli Si Panadol

Toleo lililopita, nikimjibu mzee mmoja aliyeuliza kuhusu goti lake, nilidokeza kwamba tramadoli si Panadol yenye nguvu, ni dawa ya ukoo mwingine kabisa. Ulikuwa mstari mmoja, nikapita. Barua na ujumbe wa simu vilivyofuata havikutoka kwa wazee wenye magoti. Wengi walioandika ni wazazi wa watoto wa sekondari, na wapo watoto walioandika wenyewe. Basi walioniuliza habari za fangasi na dawa za minyoo wanivumilie hadi mwezi ujao. Majina nimeyaondoa yote, miji nimeiacha.

Mama Mfamasia, shikamoo. Kijana wangu ana miaka 17, yuko kidato cha nne, anacheza winga timu ya mtaa. Miezi miwili iliyopita alianguka uwanjani, akakakamaa, akatetemeka na kutoa povu. Wengine wakasema kifafa, wengine wakasema ana jini wa baharini. Tumeshampeleka kwa waganga wawili. Juzi nikigeuza godoro lake nimekuta maganda matupu ya vidonge yameandikwa Tramadol 100. Nilipomuuliza alisema ni dawa ya misuli, wachezaji wote wanameza. Siku hizi anajikuna pua, analala mchana, na choo anakaa siku tatu hapati. Je, kuanguka kwake kuna uhusiano na vidonge hivi? (Mama, Tanga)

Marahaba, mama mwenzangu. Uhusiano upo, na umefanya vizuri kugeuza godoro.

Tramadoli ilitengenezwa na kampuni ya Grünenthal ya Ujerumani, ikaanza kuuzwa huko mwaka 1977. Ni ndugu wa mofini, ile dawa kali ya maumivu, ila mpole kidogo, na kwa sababu ya huo upole wake watu waliichukulia kwa wepesi. Inafanya kazi mbili mwilini. Ya kwanza ni ile ya ukoo wake: inaziba maumivu kwenye ubongo na kuleta raha fulani. Hapo ndipo panapotoka kusinzia, kuwashwa pua na uso, na choo kigumu. Dalili tatu ulizoandika ningeweza kuzisoma nikiwa nimefumba macho. Kazi ya pili ni kuchezea kemikali za ubongo zinazohusika na hisia na uchangamfu, na hii ndiyo inayomfanya kijana ajisikie hachoki. Ubongo uliochokozwa namna hiyo ukizidiwa hufyatuka, na mtu akaanguka kama mgonjwa wa kifafa. Hata mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa wala ukoo wake hauna.

Kwa mtu mzima, tena chini ya daktari, kiwango cha juu cha kawaida ni miligramu 400 kwa siku. Dozi ya mgonjwa wa kawaida ni kidonge cha 50 au 100 kwa wakati. Mwanao ukimuuliza vizuri huenda akakuambia anameza vinne vya 100 kabla ya mechi na viwili usiku. Lakini usidhani kuna kiwango ambacho ni cha salama kwake. Wapo walioanguka kwa kiasi kidogo, hasa wakichanganya na dawa nyingine.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa macho. Ini ndilo linaloigeuza tramadoli kuwa kitu chenye nguvu zaidi, na maini hayalingani. Kuna watu maini yao yanafanya kazi hiyo kwa kasi mno, kidonge kimoja kikawafanyia kazi ya viwili au vitatu. Ethiopia na sehemu za Uarabuni watu wa aina hiyo ni wengi kuliko Ulaya, na sisi wa mwambao tunajua damu zetu zimepita wapi na wapi. Ndiyo maana mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipiga marufuku tramadoli na kodini, ndugu yake mwingine, kwa watoto chini ya miaka 12, na ikawaonya madaktari wasizitoe kwa wa miaka 12 hadi 18 walio wanene kupita kiasi au wenye matatizo ya kupumua. Rafiki zake wanne wanaweza kumeza idadi ile ile wakacheza dakika 90, yeye akaanguka. Si kwa sababu ana jini.

Sasa cha kufanya. Nenda naye hospitali ya Bombo, uulize kitengo cha afya ya akili, na ubebe yale maganda. Usiyatupe. Mwambie daktari yote, ya uwanjani, ya godoro na ya waganga. Daktari asiyejua habari ya vidonge anaweza kumwandikia dawa ya kifafa ya kunywa miaka, na kijana akaendelea kumeza tramadoli juu yake. Kabla ya hapo kaa naye peke yenu, bila baba kushika mkanda na bila wadogo zake kusikiliza dirishani, umuulize mambo matatu: vingapi kwa siku, tangu lini, na pamoja na nini. Swali la "nani amekupa" liache kwa sasa. Ukianza nalo hilo atafunga mdomo kumlinda mwenzake, na majibu yale matatu ambayo daktari anayahitaji utayakosa.

Usimfungie ndani ukavitupa vyote chooni leo. Kama amemeza kila siku kwa muda mrefu, mwili utadai, na kushuka kunapaswa kusimamiwa.

Akianguka tena kabla hamjafika hospitali, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu na kichwa, tazameni saa. Msimtie kijiko mdomoni, msimnusishe kitunguu wala kiatu, msimmwagie maji. Ikipita dakika tano hajatulia, au akitulia asirudiwe na fahamu, ni gari, siyo mganga.

Na winga wako mpe habari moja atakayoisikiliza kuliko zangu zote: tangu Januari 1, 2024, shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua michezoni, WADA, limeiweka tramadoli katika orodha ya dawa zilizokatazwa wakati wa mashindano. Waendesha baiskeli walikatazwa mapema zaidi, mwaka 2019. Anayesema "wachezaji wote wanameza" anamfundisha kazi itakayomfungia milango siku atakapopimwa. Halafu kuna kifundo cha mguu. Maumivu ndiyo yanayomwambia mchezaji atoke nje. Aliyeyazima huendelea kukimbilia mguu uliochanika.

Neno moja juu ya hayo maganda. Kilichoandikwa "100" si lazima kiwe 100, wala si lazima kiwe tramadoli. India, ambako dawa nyingi za bei nafuu hutengenezwa, iliiingiza tramadoli katika sheria yake ya dawa za kulevya mwaka 2018. Baada ya hapo Afrika Magharibi ikaanza kupokea vidonge vyenye tapentadoli (ya ukoo wa mofini) na karisoprodoli (ya kulegeza misuli) kwa pamoja, mchanganyiko ambao unaweza kuzima pumzi. BBC ilipofichua biashara hiyo Februari 2025, India iliupiga marufuku mwezi huo huo. Mwanao hanunui kwa mfamasia mwenye kumwuliza maswali. Kwa hiyo hata yeye hajui anameza nini.

Mama, mimi kijana wa miaka 19. Tulianza na dawa ya kikohozi ya kodini tukiwa Form Two, baadaye tramadoli, na siku nyingine bugizi, vile vidonge vya usingizi. Nikikaa siku moja bila, mwili wote wauma, kamasi latoka, tumbo laendesha, usingizi hakuna, na usiku mwingine naona vitu vikitembea ukutani. Nimepata nafasi chuo cha ufundi, nataka kuacha kabla sijaanza. Wenzangu wasema nikikata ghafla nitakufa. Ni kweli? (Kijana, Mombasa)

Mwanangu, wenzako wamesema nusu, na nusu hiyo wameiweka mahali pasipo pake.

Arosto, yaani mateso ya mwili unapoidai dawa, ikiwa ni ya tramadoli na kodini peke yake ni adhabu, lakini kwa kijana mwenye afya kwa kawaida haiui. Mwili unauma, unaharisha, unatapika, unatoka jasho la baridi, na siku chache za mwanzo ndizo kali zaidi. Kunywa maji mengi yenye ile chumvi na sukari ya pakiti ya duka la dawa, maana kinachowaangusha wengine ni kukaukiwa maji. Hivyo vitu vinavyotembea ukutani si wazimu. Ni ile kazi ya pili ya tramadoli niliyomweleza mama wa Tanga: unapoikata, kemikali za ubongo zinayumba, na baadhi ya watu huona au kusikia visivyokuwepo, au hushikwa na hofu isiyo na sababu. Mtu wa unga, yaani heroini, haoni hayo kwa kawaida, ndiyo maana hata mateja wazoefu wanaweza kukucheka ukiwahadithia.

Inayoua kwa kukatwa ghafla ni bugizi. Dawa za usingizi na za wasiwasi za jamii hiyo, mtu aliyezizoea akiziacha kwa siku moja anaweza kuanguka kifafa kisichokatika. Umeiandika mwishoni mwa sentensi kama kitu kidogo, "siku nyingine". Ni mara ngapi kwa wiki? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama unaweza kuachia nyumbani au ulazwe. Usilifiche kwa daktari.

Na bugizi pamoja na tramadoli au kodini kwa usiku mmoja ni jambo baya kuliko yote uliyoniandikia. Kila moja inapunguza kasi ya kupumua. Zikikutana, mtu hulala akikoroma kwa sauti nzito isiyo ya kawaida, wenzake wakasema mwacheni apumzike, kumbe ule ukoromaji ni pumzi inayotafuta njia. Hapo haachwi mtu alale.

Hatari nyingine iko mbele, baada ya kushinda. Ukikaa wiki mbili, tatu, bila kitu, mwili unasahau. Dozi uliyokuwa ukiimeza bila hata kusinzia inakuwa kubwa kwako kama kwa mtu ambaye hajawahi kugusa. Wengi tunaowapoteza wanaondoka wakati huo: kijana ametoka soba, nyumba ya kuachia dawa, kapewa pole na kila mtu, kapita maskani kusalimia, akameza idadi yake ya zamani. Ikikutokea ukarudi, na hutokea hata kwa wenye nia, jua kwamba idadi ya zamani si yako tena, na usiwe peke yako chumbani.

Piga 1192, ni namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, watakuelekeza kituo kilicho karibu. Pwani ya Kenya ina kliniki za umma za methadoni, Malindi na Kisauni zikiwamo. Zilianzishwa kwa ajili ya watu wa unga na huenda wewe hutahitaji methadoni, lakini wahudumu wake wanaijua arosto na hawatakushangaa. Kama tramadoli unayomeza ni ile ya kuachia polepole, usiikate wala kuisaga ukidhani unajipunguzia dozi. Ukiivunja, dawa ya saa 12 inaingia yote kwa mpigo.

Hongera kwa chuo. Umechagua fani gani? Hukuandika.

Jambo Mama. Sisi tulitoka Kivu ya Kusini, tukakaa kambi ya Nyarugusu, sasa tuko Columbus, Ohio. Binti yetu wa miaka 16 aling'olewa magego mawili. Daktari wa meno alimwandikia oksikodoni, akameza vidonge vitatu, vilivyobaki viko kabatini jikoni. Mke wangu anasema tuviweke, hapa dawa ni ghali, kesho mwingine ataumwa. Tena shule ilituma barua kuhusu vidonge vya bandia vya rangi ya bluu. Kiingereza cha barua kilitushinda, mtoto ndiye aliyetutafsiria, na alikuwa akicheka. Tufanye nini? (Baba, Columbus)

Jambo baba. Mke wako namwelewa kabisa. Kwetu dawa iliyobaki ni akiba. Nani ametupa ampisilini kwa sababu tu jino limepona? Mimi mwenyewe nimelelewa na sanduku la bati lenye nusu za dozi za ukoo mzima. Ila hii siyo ya kuweka akiba, na nchi mliyopo ina historia nayo.

Oksikodoni ni ukoo ule ule wa mofini, na nguvu yake si ya tramadoli, iko juu zaidi. Huko Marekani kampuni ya Purdue Pharma iliingiza sokoni oksikodoni ya kuachia polepole, OxyContin, mwaka 1996, ikiwaambia madaktari kwamba hatari ya uraibu ni ndogo. Haikuwa kweli. Kampuni ilikiri makosa mahakamani mwaka 2007, ikakiri tena 2020. Katikati ya miaka hiyo vidonge vilijaa makabatini mwa watu kama hilo la jikoni kwenu, na vijana wengi walionja mara ya kwanza kutoka nyumbani au kwa rafiki aliyetoa kwao. Si lazima iwe binti yako. Ana rafiki, rafiki ana kaka, na wote wakija wanafungua kabati kutafuta biskuti.

Kwa jino lililong'olewa, Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani chenyewe kinashauri ibuprofeni, peke yake au pamoja na parasetamoli, ndiyo iwe ya kwanza. Huko parasetamoli huitwa Tylenol. Safari ijayo muulizeni daktari kwa heshima: "Je, tunaweza kuanza na hizo?" Kuuliza hivyo si utovu wa adabu.

Vile vilivyobaki virudisheni. Famasi nyingi na vituo vya polisi vina sanduku la kutumbukiza dawa, hawaulizi jina wala karatasi za uhamiaji. Nimeandika hilo la uhamiaji makusudi kwa sababu najua ndilo mnalolifikiria. Kama sanduku liko mbali, oksikodoni ni miongoni mwa dawa chache ambazo mamlaka ya dawa ya Marekani inaruhusu zimwagwe chooni na kuvutwa maji, badala ya kukaa ndani ya nyumba.

Barua ya shule ndiyo iliyonikosesha usingizi, baba, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Vidonge vya bluu wanavyovisema vimetengenezwa vifanane na oksikodoni ya miligramu 30, vina herufi M upande mmoja na 30 upande wa pili. Ndani hakuna oksikodoni. Kuna fentanili, ambayo miligramu mbili tu zinaweza kumuua mtu asiyeizoea. Havipimwi kwa mizani ya kiwandani. Vinachanganywa kwa mkono, kimoja kikatoka na kidogo na cha pili yake kikatoka na cha kuua. Maabara ya idara ya kupambana na dawa za kulevya ya Marekani, DEA, ilipopima vidonge vya bandia mwaka 2023 ilikuta saba katika kila kumi vina kiasi kinachoweza kuua. Vijana wanauziwa kupitia Snapchat na mitandao mingine, wakiambiwa ni Percocet (ya maumivu) au Xanax (ya wasiwasi) au dawa ya kusomea.

Mwaka 2019 vijana 492 wa miaka 14 hadi 18 walikufa Marekani kwa kuzidisha dawa. Mwaka uliofuata walikuwa 954. Nataka mke wako asikie sehemu hii: vijana wanaotumia hawakuongezeka katika muda huo. Kilichobadilika ni kidonge. Waliokuwa wakijaribu zamani wakaamka kesho yake na kichwa kizito, safari hii hawakuamka. Uchunguzi wa vifo vya vijana wa miaka 10 hadi 19 uliofanywa na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, kuanzia katikati ya 2019 hadi mwisho wa 2021, ulionyesha kwamba katika vifo viwili kwa kila vitatu palikuwa na mtu mwingine karibu. Nyumba ile ile, mara nyingine chumba cha pili. Hawakujua wanachokiona.

Basi mjue. Mtu aliyezidiwa na dawa za ukoo huu haamki ukimwita wala ukimsugua kifua kwa nguvu kwa ngumi. Pumzi zake zinachelewa au zinakoroma. Mboni za macho zimebana zimekuwa nukta. Midomo na kucha zinabadilika. Kwa mtu mweusi usitafute bluu, tafuta kijivu, na tazama ndani ya mdomo.

Pigeni 911 na tumieni Narcan, dawa ya kupuliza puani yenye naloksoni. Tangu mwaka 2023 inauzwa huko bila cheti cha daktari, na jimbo la Ohio lina mpango wa Project DAWN unaoitoa bure pamoja na mafunzo. Mnamlaza chali, mnaingiza ncha kwenye tundu moja la pua, mnabonyeza mpaka mwisho. Halafu mlazeni ubavu, mkae naye. Dakika mbili tatu zikipita bila mabadiliko, mpeni ya pili kwenye tundu lingine. Kama hakuwa amemeza dawa za ukoo huo, naloksoni haitamdhuru. Kama alikuwa amemeza, ataamka na hasira na kutapika, na dawa inaweza kuisha nguvu kabla ya fentanili, kwa hiyo gari la wagonjwa lazima lije hata akisema amepona. Wekeni mbili ndani ya nyumba. Binti ajue zilipo.

Halafu hilo la tafsiri. Shule za umma za Marekani zinawajibika kisheria kuwasiliana na wazazi kwa lugha wanayoielewa. Ombeni mkalimani wa Kiswahili, kwa maandishi, na mseme Kiswahili cha Kongo kama kile cha Tanzania kinawachanganya. Mtoto asiwe mkalimani wa barua inayomhusu yeye mwenyewe. Alicheka, huenda kwa aibu tu. Lakini nyinyi mlipata barua aliyoichagua yeye.

Shikamoo Mama. Niko kidato cha tatu, bweni, Morogoro. Siku zangu zinauma sana mpaka natapika. Bwenini tunapeana dawa, kila mtu ana mfuko wake. Mwezi huu nilimeza Panadol nne kwa mpigo na Diclofenac mbili za rafiki, na mwingine alinipa kapsuli ambayo alipewa kaka yake alipovunjika mkono, nikalala mpaka nikakosa vipindi. Matron akiniuliza nasema malaria. (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Kuumwa siku zako mpaka kutapika si uongo wala si uvivu, hata kama kuna mtu amekuambia wasichana wote wanaumwa.

Dawa nzuri kwa hilo ni ibuprofeni, au Diclofenac, moja kati ya hizo mbili, siyo zote, maana ni jamii moja na zikiwa mbili zinachoma tumbo na kuumiza figo. Ibuprofeni ya 400, na chakula, mara tatu kwa siku, kwa siku mbili au tatu. Siri yake ni kuianza mapema, tumbo linapoanza kuvuta, kabla maumivu hayajapanda. Ukingoja mpaka unatapika, utaitapika na yenyewe. Kama una vidonda vya tumbo, pumu au figo, usiiguse kabla ya kumwona daktari. Chupa ya maji ya moto tumboni inasaidia kweli.

Panadol ni mbili za 500 kwa wakati, na zisizidi nane kwa saa 24. Watu wanaidharau kwa sababu inauzwa mpaka kwa Mangi kwenye duka la sukari. Ukiizidisha inaharibu ini, na inafanya hivyo kimyakimya: siku ya kwanza kichefuchefu tu, ya pili unaona nafuu, ya tatu ndipo macho yanapogeuka manjano. Dawa yake ipo hospitalini, na inafanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa nane. Bwenini akitokea mwenzenu amemeza nyingi, kwa makosa au kwa uchungu wa moyo, msingoje aumwe. Mwamsheni matron usiku huo huo.

Ile kapsuli ya kaka wa rafiki ndiyo sitaki uirudie. Nilipokuwa nagawa dawa dirishani, tulikuwa tukiandika jina la mgonjwa juu ya bahasha ya kaki, na chini yake 1x3 au 2x2. Hesabu ile ilitoka kwenye uzito wa mtu huyo, umri wake, mkono wake uliovunjika. Ukitoa kidonge nje ya bahasha ile, hesabu haikuhusu tena.

Mwambie matron ukweli. Na ukiwa likizo, nenda na mama yako kwa daktari wa wanawake. Maumivu ya kutapika kila mwezi yanaweza kuwa na chanzo chake, kama vile ukuta wa mfuko wa uzazi kuota mahali pasipo pake, na ugonjwa huo unatibika vizuri zaidi ukigunduliwa ungali msichana.

Nina saratani ya tezi dume, natumia mofini ya maji. Nyumbani nina wajukuu watatu wa sekondari. Chupa inaisha kabla ya tarehe. Mke wangu anasema nimekuwa mlevi wa dawa, niache. (Mzee, Iringa)

Shikamoo mzee. Usiache. Mofini kwa maumivu ya saratani si ulevi. Hospice Africa Uganda imekuwa ikiwapa wagonjwa mofini ya maji majumbani tangu mwaka 1993, nasi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hutengeneza ya kwetu, kwa sababu mtu hapaswi kulia usiku kucha ilhali dawa ipo. Mambo ninayowaeleza vijana humu yasikufanye uionee haya chupa yako.

Ila chupa inayoisha mapema ina maelezo mawili: ama maumivu yamezidi na wewe unaongeza bila kumwambia muuguzi, ama kuna mkono mwingine. La kwanza unalijua mwenyewe, na dozi inaongezwa kliniki bila kugombezwa. Kwa la pili, nunua kisanduku chenye kufuli, ufunguo ukae shingoni kwako au kwa mama, siyo juu ya kabati. Chora mstari kwa kalamu kwenye lebo kila baada ya kunywa, uandike na saa. Ikishuka chini ya mstari, waite wajukuu mmoja mmoja, usiwaite pamoja, na uwaambie kwanza kwamba kipimo chako wewe uliyezoea kinaweza kusimamisha pumzi ya mtoto wa miaka 15. Huenda aliyechukua hakulijua hilo. Na muuguzi wa kliniki aambiwe juma hili hili, ili dozi yako isije ikapunguzwa kwa kosa la mwingine.